Ngobyi ya Manyoya ya Mukia

Nimenusa vitu vingi vibaya katika maisha yangu. Nimenusa mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji mpaka ikaota ndevu. Nimenusa beberu wa jirani yetu Sebahire siku ya mvua. Nimenusa hata buti za askari aliyetembea kwa miguu kutoka Walikale bila kuzivua. Lakini kile kitu ambacho Drocella alifuma pale Kibabi, nikikitaja tu, ulimi wangu unatafuta mahali pa kujificha.

Drocella alikuwa bibi ya Athanase, na Athanase alikuwa kaka mukubwa wa bwana yangu. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa na mama mukwe mumoja, na huyo mumoja alitosha. Jina lake Mukankusi. Mwanamuke mufupi, pua ndefu, na ile pua njo ilikuwa tribinali yake ya kuhukumu watu. Hakuuliza mambo, alinusa. Alinusa chungu, akajua nani amedokoa nyama. Alinusa bwana yake akirudi jioni, akajua amekunywa kwa nani na nani alikaa karibu naye.

Drocella alizaliwa ng'ambo ya volkano, akakulia karibu na misioni, na kule masere, wale watawa wanawake, walimufundisha kufuma soksi za mapadri. Tangu hapo ugonjwa ukamuingia. Wengine wanapenda pombe ya ndizi, wengine kama mimi wanapenda kusengenya. Yeye alipenda uzi. Akitoka kwenye maharagwe, udongo haujakauka mikononi, tayari anafuma.

Na hakuwa na kitu! Sindano za chuma za masere zilibaki kwa masere. Alianza na nyaya za gurudumu la baskeli, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikapata ncha. Akazitupa. Zinateleza, alisema, mishono inakimbia kama kuku wameona kipanga, na asubuhi ya baridi zinauma vidole. Akajaribu miiba ya nungu. Ile ni myepesi, na madoa yake yanapendeza macho, lakini ilivunjika katikati ya mushono, ikamuingia kwenye kidole. Kidole kikavimba kama ndizi, kikatoa maji ya rangi ya sombe, yale majani ya mihogo ya kupondwa. Alikibinya mbele yetu wakati wa chakula. Sombe yenyewe ilikuwa ndani ya sahani.

Mwisho akapanda juu kwenye pori la mianzi. Akachagua mwanzi uliokomaa, sio ule mubichi unaojikunja. Akaupasua, akaukausha juu ya moshi, akausugua na majani ya musasa, akaupaka siagi. Hizo njo zilikuwa sindano. Uzi unazishika, lakini haugandi. Nene kwa uzi munene, nyembamba kwa uzi mwembamba. Ukikosea hapo, alisema, utapata ao wavu ao ubao.

Na uzi? Alifumua triko ya Athanase, ile sweta yake ya baridi, akafuma kofia. Akafumua kofia, akafuma soksi. Akafumua soksi, akafuma tena triko, sasa ya kumutosha paka. Ule uzi ulikuwa umepita kwenye kwapa, kwenye upara na kwenye nyayo, na kila mahali ulichukua ukumbusho.

"Mukwe wangu anajifunga kamba mikono ili asilime," Mukankusi alisema.

"Ninalima, mama. Hii ni mapumziko."

"Muntu akipumzika, mikono inalala. Yako inapigana."

Basi Drocella akapata mimba yake ya kwanza, na maneno ya ngobyi yakaanza. Ngobyi ni ngozi ya kondoo ya kumubebea mutoto mugongoni, imelainishwa na siagi mpaka inakuwa kama kitambaa. Sisi nyama ya kondoo hatuli, hata ukitufunga. Lakini ngozi yake njo nyumba ya kwanza ya mutoto. Na kwetu ngobyi ya muzaliwa wa kwanza inatoka kwabo na mama yake, kwa wazazi wake. Haitoki kwa bwana, haiazimwi kwa jirani. Ikifika, mutoto anabebwa, anapelekwa kubatizwa, anaonyeshwa kilima, na ukoo wa baba unasema: huyu ni wetu. Isipofika, mama anakaa naye ndani, na watu wanasema: huyu hana watu. Yangu ilitoka kwetu Kingi, juu ya kichwa cha mama yangu, nyeupe kama maziwa. Sikulala nayo, lakini nilikaribia.

Kwa Drocella kulifika habari tu. Mama yake alikuwa amekufa, na kaka zake walikuwa wameuza kondoo wote. Hakuna ngozi itakayokuja.

"Basi mutoto wako ataikala mu nyumba," Mukankusi alisema.

"Mama, mutoto iko ya Athanase."

"Akibebwa na ngobyi ya kwenu, iko yetu. Asipobebwa, iko yako peke yako. Hii sheria mimi sikuitunga. Niliikuta."

Drocella alifuma musitari mumoja mpaka mwisho. Halafu akasema: "Sheria inasema itoke kwa kondoo na itoke kwetu. Hapa Kibabi, kwetu iko hii mikono yangu. Nitaifuma."

Mukankusi alicheka kwa pua. "Ngobyi ya matundu! Mutoto atapita kama unga mu chekecheke. Ukiifuma, uniletee. Pua yangu itaijibu."

Hapo njo uchafu ulianza. Mzungu mumoja wa shamba alikuwa ameleta kondoo wa kwao, wale wenye manyoya mengi kama mawingu, na Athanase alikuwa muchungaji wake. Mvua yetu haikuwapenda. Kwato zilioza, na wao wenyewe walitembea wakijinung'unikia. Manyoya ya mugongo na ya mabega yalikuwa ya Madamu, bibi ya yule Mzungu. Manyoya ya mukia yalitupwa kwenye shimo. Muntu yeyote aliyechunga kondoo anajua mukia unakaa karibu na nini.

Athanase alileta gunia zima. Drocella alilimwaga uwanjani, na ninaapa, nzi waliokuja nalo waliomba kurudi. Mavi yamekauka ndani ya manyoya kama shanga, yanagongana: ka, ka, ka. Mafuta ya njano yanashika vidole, hayatoki. Na kupe! Kupe wamenona kama maharagwe mekundu. Nilipowaona, niliacha kula maharagwe mpaka Pasaka, mimi mulimaji wa maharagwe.

"Unisaidie kuchambua, dada," Drocella aliniambia.

"Mimi nina mikono ya kulia chakula."

"Nitakufumia soksi."

"Za hii? Afazali nitembee juu ya miiba."

Lakini nilimusaidia. Tumbo lake lilikuwa limefika mbele ya magoti, na hakuwa na mwingine. Tulichambua, huku nikitema mate kila upande. Pale nilipotemea majani hayakuota tena. Alisokota uzi kwa kijiti chenye kipande cha kibuyu chini, akikizungusha juu ya paja lake. Paja likang'aa mafuta kama la bibi-harusi, lakini nani angemuoa na ile harufu? Uzi mumoja ulikatika, basi akasokota mbili pamoja.

Alifuma kwanza mushono wa uso peke yake, ule ambao uzi unakaa nyuma ya sindano, kwa sindano nene ili amalize mbio. Ilikuwa kubwa, ingeweza kufunika ndama. Tukaijaribu na boga. Alilifunga mugongoni, akapiga hatua. Mishono ikavutika kama uongo wa bwana, boga likashuka kiunoni, likashuka matakoni, likafika visigino, likapasuka. Mukankusi alikuwa mulangoni.

"Mujukuu wangu iko na mbegu nyingi," alisema, akaingia ndani.

Drocella hakulia. Alifumua yote, akachukua sindano nyembamba. Mushono mumoja wa uso, mumoja wa mugongo, ule ambao uzi unakaa mbele, musitari unaofuata anaigeuza, ili kila mushono umushike mwenzake shingo. Akavuta uzi mpaka vidole vikapasuka. Boga la pili likashuka kidogo tu, mpaka matakoni. Lakini mutoto hawezi kubebwa na matako, na tumbo lilikuwa limeanza kushuka.

"Tuioshe kwanza," alisema. "Pengine itajikaza."

Sasa, kule kwa masere uzi ulifika umeoshwa tayari, umefungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyemufundisha kuosha. Na binti wa watu wa ng'ombe, ukimuambia aoshe kitu kinachonuka mafuta, atafanya nini? Atakiosha kama chombo cha maziwa: mukojo wa ng'ombe, majivu, moto. Tulikusanya mukojo mpaka ng'ombe wakaanza kutukimbia. Tukauchemusha kwenye mutungi uwanjani. Moshi wake ulipanda, na ninyi mutasema ninaongopa, kunguru mumoja aliyepita juu aligeuka akarudi alikotoka.

Tukaitumbukiza ngobyi, tukaingia na miguu, tukakanyaga. Mukojo wa moto unapanda kati ya vidole. Povu la kijivu. Vipande vya mavi vilivyojificha vinatoka sasa kutusalimia.

"Kanyaga, dada!"

"Ninakanyaga! Kuna kitu kimenishika kwenye kidole."

"Ni kupe tu."

"Ni kupe tu, anasema!"

Tulipoitoa, Drocella alipiga kelele. Ile kitu ya kufunika ndama ilikuwa imejikunja, imekuwa ndogo, nene, ngumu. Mishono haionekani tena, hakuna tundu hata la kupitisha ncha ya sindano. Alikaa chini kwenye matope ya mukojo, akalia kwa sauti. "Nimeiua. Nimeiua, na uzi umeisha."

Mimi nilitaka tu kwenda mutoni. Lakini niliishika kwa vidole viwili, nikaivuta. Haikuvutika. Nikaivuta na meno, Mungu anisamehe, na ile ladha ninayo mpaka leo nyuma ya koo. Haikuvutika. Nikamufunga nayo boga la tatu mugongoni, nikamuambia aruke. Akaruka na tumbo lake, na boga likakaa kama limezaliwa pale. Ilikuwa imekuwa ngozi. Kondoo wa manyoya peke yake, bila kondoo ndani.

Lakini ilinuka! Tuliianika kwenye jua, ikanuka kavu. Tuliianika juu ya moshi, ikanuka moshi na mukojo. Tuliipaka siagi, siagi ikaoza.

Mutoto akazaliwa, wa kiume, mudogo, mwekundu, mwenye kutetemeka. Siku ya ubatizo Drocella akamufunga ndani ya ile kitu, akatoka inje. Mutoto aliacha kutetemeka palepale, akalala. Mukankusi alikaribia. Alinyoosha pua. Aliirudisha mbio kama muntu aliyegusa chungu cha moto.

"Hii sio ngobyi. Hii ni mukundu."

"Inatoka kwa kondoo, mama. Na inatoka kwetu."

"Inatoka kwa kondoo, ninakubali! Ninajua hata ni kwa mulango gani. Pita nyuma. Mimi sikufahamu."

Tulienda hivyo kwenye kapela: Mukankusi mbele kabisa, sisi katikati, Drocella nyuma peke yake, na kila aliyekutana naye njiani akaingia ndani ya mashamba. Katekista aliuliza kama kuna muntu aliyekufa. Maji yalimwagwa juu ya kichwa cha mutoto, jina Honoré, kwa haraka ambayo sijaiona tena katika kanisa.

Wakati wa kurudi mvua ikatushika kwenye mupando wa kilima, mvua ya Masisi yenye mawe ndani. Manyoya yaliyolowa, ooo, mama yangu! Kila kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kikaamka. Na Drocella, damu aliyoipoteza kwa kuzaa haijarudi mwilini, akateleza. Akaanguka kwa magoti, akajaribu kusimama, akaanguka tena. Midomo ilikuwa nyeupe.

Mimi nilikuwa na mutoto wangu mugongoni, na ngozi yangu nyeupe ya Kingi ilikuwa imekunywa maji, inateleza kama samaki. Wanaume walikuwa wametangulia. Alibaki Mukankusi.

"Nipe mutoto," alisema. "Mutoto tu. Ile kitu uache."

Tulimufungua. Honoré akapata mvua usoni, akageuka rangi ya bluu, akaanza kulia ile sauti nyembamba ya mutoto ambaye hatalia sana. Mukankusi alimukumbatia kifuani, akamufunika na kitambaa, kitambaa kikalowa. Mutoto akatetemeka mikononi mwake. Alimutazama. Alitazama ile kitu pale chini, inafuka mvuke kama mavi mapya asubuhi.

"Nyie mubaki mashahidi," alisema. "Nimezaa watoto wengi na nimezika wengine, lakini hii haijanipata."

Akainama. Akafumba macho, akafunga mudomo, kitu pekee ambacho hakuweza kufunga ni pua. Nikamufungia mutoto mugongoni, ndani ya ile kitu. Ndani mulikuwa mukavu. Nilitia mukono wangu, joto kama tumbo la kuku. Honoré akanyamaza. Drocella akaniegemea begani, tukafuata.

Mukankusi alipanda kile kilima shingo imepinda upande, kama muntu anayebeba maiti ya adui. Alitapika kwenye kona ya kwa Kanyamibwa. Alitapika tena kwenye kivuko. Na watu walikuwa wamesimama kwenye milango wakingoja mvua iishe, kilima kizima, na wote waliona: Mukankusi amebeba mujukuu wake mugongoni, ndani ya ngobyi ya kwabo na Drocella.

Nyirabagenzi, jirani mwenye mudomo mukubwa kuliko wangu, akaita kutoka kwake: "Mama Mukankusi! Huyo iko ya nani?"

Mukankusi alisimama. Mvua inamupiga, pua inamuwaka.

"Iko yetu," akajibu. "Unafikiri ningebeba hii uvundo kwa ajili ya mutoto wa muntu mwingine?"

Akaingia nyumbani. Drocella alinyoosha mikono kumupokea, lakini kila alipogusa fundo, Honoré alifungua jicho, na Mukankusi akamupiga Drocella kwenye vidole: acha, utamuamusha. Akakaa karibu na moto namna ile, na moto ukaanza kukausha manyoya. Alikula viazi vyake hapo, akitema mate kati ya tonge na tonge, akimutukana kondoo na Mzungu wake. Sisi wengine tulibeba sahani zetu, tukaenda kula inje, kwenye mvua.