Sufi ya Armas Piirainen

Jumanne, tarehe 26 Novemba. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, anga nyeupe, upepo mdogo kutoka upande wa mpakani.

Siku hiyo Armas Piirainen alifungua karakana kubwa kuliko zote kando ya ziwa letu. Alikuwa amevaa kofia ya manyoya, glovu mbili mbili na koti zito la msituni, na haya yote alikuwa ameyavaa ndani ya karakana.

Armas ni fundi wa mashine za kuvuna miti. Kwa miaka mingi alizitengeneza nje, amelala chali juu ya theluji, mpaka mgongo ukamwambia kwamba msimu mwingine wa namna hiyo haupo. Kwa hiyo kiangazi kizima alijenga jengo la mabati linaloweza kumeza mashine nzima pamoja na mkono wake mrefu. Lililobaki lilikuwa swali moja: ajaze kuta, dari na chini ya sakafu sufi ya kiwandani ya kuzuia baridi, au aache mabati yenyewe na anunue jiko kubwa la chuma?

Armas alipima jambo hilo kwa uangalifu, kwa muda wote wa kikombe kimoja cha kahawa. Sufi inauzwa dukani. Kuni zimesimama nyuma ya nyumba, msitu ni wake, na hakuna mtu anayemletea ankara. Mtu mwenye msitu akinunua sufi, alisema, watu watamcheka.

Mkewe Lahja alikuwa akitumbukiza vipande vya jibini kwenye kahawa yake, kama tunavyofanya huku.

"Kuni za bure," alisema. "Atakayezikata nani?"

"Mimi."

"Kuzipasua?"

"Mimi."

"Na kulilisha hilo jiko usiku na mchana?"

"Mimi, mke wangu. Kwani kuna mwingine?"

"Basi kweli ni za bure. Wewe hujawahi kulipwa."

Mteja wa kwanza alikuwa Jorma Heikura, mwenye mashine tatu, na pia mwenye mdomo. Wakandarasi wote wa huku hupeleka mashine zao anakopeleka Jorma. Akiridhika, Armas atafanya kazi ndani ya nyumba hadi astaafu. Asiporidhika, wote watahamia kwa mafundi wa mjini Kajaani, na Armas atabaki na jengo zuri la kuhifadhia theluji.

Jiko liliwashwa kabla ya mapambazuko, na lilikula kuni kama lililofunga mwezi mzima. Joto, ambalo si jinga, lilipanda moja kwa moja hadi chini ya paa na kukaa huko kutazama mandhari. Lilikuta mabati yameshika kwa ndani barafu ya wiki nzima, likaiyeyusha. Saa ya kahawa ilipofika, nje palikuwa pakavu kabisa na ndani mvua inanyesha. Nadhani Armas alikuwa mtu pekee katika mkoa wetu wa Kainuu aliyepata mvua siku hiyo.

Jorma alijifuta shingo. "Fundi, ni mimi tu, au kunanyesha?"

"Dari inakauka."

"Mbona inanikaukia mimi?"

Matone yalipofika sakafuni yaliganda, kwa sababu chini ya zege hapakuwa na kitu ila ardhi ya Novemba. Armas alipita na spana mkononi, miguu ikamtangulia, akashikilia tairi la mashine kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Umejenga karakana au uwanja wa hoki ya barafuni?" Jorma aliuliza. "Niambie mapema, nikalete viatu vyangu vya kutelezea."

Hayo yangevumilika. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje, kwenye pampu ya haidroliki, na pampu ikishafunguliwa haitaki hata tone la maji. Vidole vya Armas vilikuwa havihisi kitu. Sili ya kwanza ilikuwa ngumu kama ganda la mti, akaikunja, ikakatika. Jorma alitoa simu yake, akaanza kutafuta namba ya Kajaani bila kuficha.

"Ngoja," Armas alisema. "Tuipeleke saunani."

Sauna, chumba kidogo cha mbao cha kuogea mvuke, ilikuwa kwenye kona ya karakana. Armas aliijenga kwanza, kabla ya mlango mkubwa na kabla ya choo, na Lahja alikuwa ameiwasha mchana kwa ajili ya mgeni, kama ilivyo adabu. Waliivuta pampu kwa sleji ndogo ya kuburutia mizigo, wakaipandisha kwenye benchi la chini. Wakavua makoti, kisha mashati, kisha kila kitu, maana mtu hakai saunani na suruali hata akiwa kazini. Sili zililala kwenye ndoo ya maji ya moto zikawa laini, na vidole vikarudi kwa mwenyewe. Moja baada ya nyingine zikafutwa kavu, zikaingia mahali pake, na pampu ikafungwa.

Lahja alifungua mlango kidogo. "Huyo wa tatu naye nimletee taulo?"

"Lete," Jorma alisema. "Anatoka jasho zaidi yetu."

Mlango ulipofungwa, Jorma aliweka kiganja ukutani. "Humu zimeingia kuni kiasi gani?"

"Za kukumbatia mara moja."

"Na kule kwingine?"

Armas alimwaga maji juu ya mawe ya moto ya jiko la sauna. Mvuke ulipotulia, Jorma aligonga ukuta kwa kidole.

"Nyuma ya mbao hizi umeweka nini, fundi?"

"Sufi."

"Kumbe mnafahamiana!"

Na kweli, kiangazi chote Armas alikuwa ameipinga sufi kwa mdomo huku akiisokomeza kwenye kuta za sauna kwa mikono yake mwenyewe. Haikumjia akilini kwamba ni kitu kilekile. Sauna bila sufi hakuna mtu wa huku anayeweza hata kuiwaza.

Jioni pampu ilirudishwa mahali pake, mashine ikawaka na kunyanyua mkono wake bila kutetemeka. Jorma alivaa glovu.

"Kazi yako haina kasoro. Hizo mbili zilizobaki nataka zihudumiwe baada ya Krismasi, mle saunani. Ukipata namna ya kuziingiza, nipigie. Usipopata, nakwenda Kajaani na hatugombani."

Wakati wa chakula Lahja alimsogezea mume wake mkate na siagi.

"Sema tu," Armas alisema.

"Kwani nimesema nini?"

Asubuhi iliyofuata nyuzi zilishuka hadi ishirini na moja. Armas hakuwasha jiko. Alipima kuta na paa kwa futi ya chuma, kisha akapiga simu kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuagiza sufi. Binti wa dukani aliuliza ni ya jengo gani.

"Sauna," Armas alisema.

"Ina ukubwa gani?"

Akamtajia. Binti akamwomba arudie, kisha akamwambia hongera. Armas aliweka simu mfukoni, akachukua koleo, akaanza kubandua barafu sakafuni, kuanzia mlangoni.