Nilitengeneza stovu kwa mkono wangu, mke wangu akaungua. Ndolo wa duka ajibu

Mama Mwende alitoka jikoni mbio leso ikiwaka, na nyumbani hakukuwa na maji hata kikombe. Punda ya kubeba maji ilikuwa bado mtoni.

Nilimwangusha chini nikammwagia mchanga ya uwanja kwa mikono. Mchanga, wakuu. Hiyo ndio nilikuwa nayo.

Salamu kwenu nyote. Sikusoma sana, mtanivumilia. Lakini siongezi kitu hapa, alama ziko kwa mikono yangu.

Wacha nirudi nyuma. Ni miaka ya tisini mwanzo, tunakaa nje kidogo ya Sultan Hamud. Mama Mwende ni mke wangu. Tulikuwa na stovu ya kupampu, ile ya shaba ya miguu tatu. Ikaanza kupoteza presha. Unapampu mpaka bega inauma, moto bado ni mwekundu na chai inanuka moshi.

Akaniambia, "Baba Mwende, peleka kwa fundi."

Nikamwambia fundi ni mtu kama mimi.

Nikafungua pampu. Ile washer ya ngozi ndani, ile inasukuma hewa, ilikuwa imekauka kabisa. Nikakata ingine kutoka kwa ulimi wa kiatu changu cha zamani, nikailowesha na mafuta ya mbuzi mpaka ikalainika, nikarudisha.

Wueh! Moto wa buluu, unanguruma. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa tulipika bila shida. Shikeni hapo. Siku tatu.

Jumamosi mafuta ya taa ikaisha. Nikaenda kwa Ndolo, yule wa duka njia ya kanisa. Kawaida alikuwa anatoa kwa tangi ya mbele. Siku hiyo akapima kutoka kwa pipa ilikuwa nyuma ya duka.

"Ndolo, mbona hii ni nyeupe hivi?"

"Ni safi. Ama unataka chafu nikutafutie?"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Nikijaza stovu, mafuta ikanimwagikia mkono. Nikasikia baridi. Kabla nitafute kitambaa, mkono ulikuwa umekauka. Na nikafurahi! Nikaona nimeokoa sabuni. Kila mtu hapa anajua mafuta ya taa inakaa kwa ngozi siku nzima, na mimi sikujiuliza.

Mama Mwende akapampu, akawasha. Moto haikushika juu peke yake. Stovu yote ilishika mara moja.

Alilala hospitali miezi mitatu. Siku ya pili, nani anaingia? Ndolo, na mkate na sukari, akaomba maombi marefu. Hatukuwa marafiki. Nikashangaa, lakini nikasema amina.

Kurudi nyumbani, napita dukani, ile pipa haiko. Na jirani ananiambia koroboi yao ililipuka wiki hiyo hiyo, mafuta ni ya Ndolo.

Nikapeleka maneno kwa assistant chief, Muthiani. Hakuuliza pipa. Akaniambia mbele ya baraza, "Unakata kiatu unaweka kwa stovu, halafu unatafuta wa kulaumu?"

Tangu hapo jina yangu ni Fundi. Napita sokoni, "Fundi, leo unachoma nani?"

Huyo Muthiani alikuwa anakunywa chai dukani kwa Ndolo kila asubuhi. Naandika majina kwa sababu nimechoka kuyameza.

Sasa hapa ndio nachanganyikiwa mpaka leo. Asubuhi naamini ilikuwa petroli, maana malori ya kubeba mafuta yalikuwa yanalala barabarani na watu wanafyonza. Jioni nakumbuka ile ngozi ya kiatu, nasema labda ilivuja. Mama Mwende hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Lakini akitaka chai, anangoja nitoke ndio awashe moto.

Nilichojifunza ni hiki: mafuta ikikauka kwa mkono kabla hujapangusa, mwaga nje.

Nyinyi mafundi wa kweli, semeni hapo chini. Ngozi ya kiatu inaweza kuwasha stovu yote? Niambieni hata kama ni mbaya. Kama ni mimi, nimwombe msamaha akiwa bado hai.

Na wewe Ndolo, najua uko, siku hizi ni mzee wa kanisa. Wajukuu wako na simu, wakusomee hii. Ulitoa wapi ile pipa, na uliipeleka wapi?

Usinijibu mimi. Njoo umjibu Mama Mwende. Ukija, kaa upande wake wa kulia. Wa kushoto haoni.