Buluu ya Mwanda

Miaka ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa na duka la vitambaa Voi, karibu na stesheni. Tulipopata simu dukani, nikaanza kuwauzia watu wa milimani bila wao kushuka. Mtu wa Mwanda, kwa mfano, alinipigia kutoka posta, akanieleza anachotaka, nikakata, nikafunga vizuri na kumpa kondakta wa basi.

"Nani atanunua kitu asichokishika?" mume wangu aliuliza.

Wakanunua. Mwaka wa kwanza ulikwenda vyema, mpaka akapiga simu mwalimu mmoja aliyeongoza kwaya ya kina mama kanisani kwao.

"Mama, tunataka buluu iliyochangamka. Ni ya Pasaka."

Nilikuwa na jora moja nililolipenda sana. Ukilitoa mlangoni, kwenye jua la Voi, liling'aa mpaka wapita njia wakageuka. Nikalituma karibu lote.

Siku chache baadaye akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Mama, umetutumia nguo za matanga."

Nilikitoa kipande kilichobaki nikakitazama juani. "Mwalimu, mbona ni buluu?"

"Huku si buluu."

Ningeweza kubishana naye, lakini kila dakika ya simu ilikuwa inamgharimu. Nikamwambia nitakuja mwenyewe.

Nilipanda na basi lile lile lililobeba kitambaa, nikiwa na vipande vya kila buluu iliyokuwa dukani. Mwanda nilikuta ukungu umelala mpaka barabarani, nami nimevaa buibui jepesi, natetemeka. Kanisani walikuwa wametandaza kitambaa changu juu ya benchi. Kilikuwa cheusi, au karibu na cheusi. Nikakipeleka dirishani, kikabaki vile vile.

Mwalimu alinimiminia chai ya moto. "Sasa unaona."

"Naona."

Nilitoa vile vipande nikavipanga kando ya dirisha. Kina mama wakavigeuza, wakanong'onezana kwa lugha yao, Kidawida, kisha wakachagua kimoja wote pamoja. Nilitaka kuwakataza. Buluu ile Voi hakuna aliyeitaka, ilionekana kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Lakini mle ndani, kwenye mwanga ule hafifu, ilikuwa imechangamka kuliko zote.

Nikarudi na kitambaa changu, hata gauni mbili zilizokuwa zimeshashonwa. Mume wangu hakufurahi. Nilimwambia mteja aliye mbali hukumbuka zaidi ulivyopokea kilichorudi kuliko ulivyotuma. Pasaka waliimba wamevaa ile iliyopauka, na baada ya hapo makanisa mengine ya huko juu yakaanza kupiga simu.

Tangu hapo sikutuma jora kabla ya kutuma kipande. Nilimuuliza mteja nguo itavaliwa wapi, asubuhi au jioni, ndani au nje. Kitambaa kikiwa na kasoro, nilimwambia mimi kabla hajaiona. Wengine walichoka na maswali yangu wakaenda kwingine, na baadhi yao wakarudi.

Siku hizi binti yangu anauza vitambaa kwenye mtandao. Picha zake ni nzuri, pengine nzuri kupita kitambaa chenyewe. Juzi alinilalamikia kwamba mteja amerudisha mzigo.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Kwamba rangi si ile."

"Mwamini," nikamwambia. "Kisha muulize anakaa wapi."