Kaburi la Mwalimu Asiyetaka Sala

Jumapili asubuhi, watu wa Sumbawanga wakiwa misani, sisi tulikutana sebuleni kwa mwalimu mstaafu aliyeanzisha kikundi chetu cha wanautu, watu tusiofuata dini. Kikundi ni neno kubwa. Tulikuwa watu sita tu, tukinywa chai na kula viazi vya kuchemsha huku mmoja wetu akitoa mada: kama mtu anaweza kuwa mwema bila dini, kwa nini vikongwe wanaitwa wachawi, kifo ni nini. Mke wa mwalimu alituandalia chai ile kabla ya kuondoka na rozari yake. Hakuwahi kununa.

Siku ya mada ya kifo, mwalimu alituomba jambo. Akifa, asisomewe sala yoyote. Mmoja wetu asimulie maisha yake, kisha afukiwe, basi. Tulimpigia makofi. Kuahidi ukiwa na kikombe mkononi ni rahisi sana.

Alifariki Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza. Nilifika msibani na hotuba yangu mfukoni, nikamkuta mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ameshanitangulia. Kwetu jumuiya ndiyo inayochimba kaburi, inayoleta kuni, inayowapikia wafiwa. Alisema kwa upole kwamba watafanya yote, ila katekista atasali. Bila hivyo, watakuja kutoa pole na kuondoka.

"Tutachimba wenyewe," nikamjibu. Nilimchukia mzee wa watu kwa ule upole wake.

Tukachimba kweli: mfamasia, fundi simu, walimu wawili na mimi karani, kwa majembe ya kuazima. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama tofali. Kufika adhuhuri shimo lilikuwa la magotini, na mfamasia amekaa chini, viganja vinamtoka damu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuchimba kaburi. Tulipoikwepa jumuiya miaka yote ile, tuliyakwepa na makaburi ya majirani.

Mjane alikuja mwenyewe, akalitazama shimo.

"Shemeji," aliniambia, "alichotaka mume wangu nakijua. Hata mimi aliniambia. Lakini mimi ndiye ninayebaki. Nikiugua, nani atanichotea maji? Nyinyi mtakuja?"

Nikasema tutakuja. Alirudi nyumbani, akaikubali sala, na baada ya muda wanaume wa jumuiya wakaja na sururu na makoleo, wakatuomba tuwapishe.

Alizikwa alasiri. Mdogo wake alisoma wasifu: marehemu alibatizwa katika misheni ya Kaengesa, alifundisha, na alikuwa muumini mwaminifu hadi mwisho. Katekista akamwombea msamaha. Niliwatazama wenzangu, nao walikuwa wakitazama udongo. Hotuba haikutoka mfukoni.

Jioni wanawake wa jumuiya walikuwa wakisonga ugali uani. Wanaume walipanga magogo ya moto watakaouzunguka mpaka asubuhi, kwa kuwa mfiwa haachwi peke yake. Mjane alinikaribisha nikae nao. Nikamwambia kesho nina kazi, na baridi ni kali. Wenzangu walikuwa wameshaondoka.

"Haya, shemeji, nenda," akasema, na akaenda kukaa na watu wake.