Nyumba ya Mwera Niliyotaka Kuipita

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama Pangani nikisubiri pantoni, mkononi nimeshika baiskeli, uso nimeuinamisha nisije nikajulikana na mtu wa kwetu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua tumepishana miaka michache, na nusu ya nguo zangu unazivaa wewe. Lakini mama yako ni dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na kwetu hilo linatosha kunipa haki ya kukaa kitako na kukunasihi. Nimefikiria sana kama nikuandikie au nikupigie simu. Simu ungeikata. Mama yako ameniambia Idi hii hutaki kwenda Pangani, umemwambia una homa. Homa hiyo naijua. Niliiugua kabla yako.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya historia, nimerudi kwa mama, Mabawa, Tanga mjini, kazi sina. Kila ndugu aliyeniona aliuliza lile lile: “Mishi, umepata kazi?” Wengine waliuliza kabla hata hawajaitikia shikamoo. Nilianza kukwepa. Harusi sikwenda, maulidi sikwenda, na mjomba alipolazwa Bombo nilichagua saa ambayo nilijua wodini hapatakuwa na mtu mwingine wa ukoo. Nikirudi nyumbani naanza kupima: yule shangazi aliponiuliza, mbona alikunja uso? Aliponiambia “Mungu yupo”, alikuwa ananifariji au ananisema? Naweza kulitafuna neno moja la mtu mpaka linakosa ladha, na bado nalitafuna.

Ndipo nikampata Bwana Shekue. Alikuwa na baiskeli za kukodisha, na wageni waliotaka kuona vijiji vya kale vya pwani yetu kwa mwendo wa pole, si kwa kupita na gari. Alihitaji mtu anayejua historia na Kiingereza. Akaniambia nitaongoza wageni siku moja. Akiridhika ataniajiri, asiporidhika tutaachana kwa wema.

Wageni wenyewe walikuwa mke na mume kutoka Ufaransa, watu waliostaafu, Bibi Odile na Bwana Lucien. Kwao, kila kiangazi hufunga mizigo nyuma ya baiskeli wakaenda kijiji hadi kijiji, wakitazama makanisa ya mawe, madaraja ya zamani na masoko, wakilala pale jua linapowachwea. Safari hii walitaka kufanya vivyo hivyo kwetu. Tutembee katika mji mkongwe wa Pangani, tuvuke mto kwa pantoni hadi Bweni, tupite Mwera, halafu tumalizie ufukweni, kwenye nyumba ya wageni ambako Bwana Shekue angetusubiri.

Nilipolisikia jina la Mwera, moyo ulishuka. Mwera ndiko anakokaa Bi Tatu, mdogo wake bibi yangu. Likizo zangu zote za shule ya msingi nilizimalizia kwake. Tangu nipate shahada sikuwa nimekanyaga mlangoni pake, na nyumba yake iko karibu kabisa na barabara.

Basi siku ile nilijipanga. Niliamua tutapita Mwera kwa kasi, bila kusimama. Nilijifunga mtandio ukafunika mpaka kidevu, juu yake nikavaa kofia ngumu ya baiskeli. Nikajiambia hata mama mzazi asingenijua.

Mjini Pangani niliwakimbiza wale wazee. Tunafika kwenye nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi, Bibi Odile anataka kuugusa, mimi nimeshapanda baiskeli. Bwana Lucien anauliza kwa nini kuta ni nene vile, namjibu huku nageuza usukani. Nilikuwa naogopa tutachelewa, naogopa wataona nina haraka, naogopa pia nikipunguza mwendo watagundua kwamba kuna nisichokijua.

Kwenye pantoni akaja mzee mmoja mwenye pikipiki, kanzu ameikunja kiunoni. Alinitazama, akainamisha kichwa, akanitazama tena.

“Wewe mtoto, si mjukuu wa Bi Tatu wa Mwera?”

“Shikamoo babu. Hapana. Mimi wa Tanga mjini.”

“Marahaba. Haya,” akasema. “Watu wanafanana.”

Mwanangu, sikusema uongo wote, maana kweli natoka Tanga mjini. Nilijitetea hivyo moyoni mpaka ng'ambo. Pantoni ilipogota Bweni, yule mzee akawasha pikipiki yake akaondoka mbele yetu, nami nikashukuru kwamba ameondoka.

Kutoka pale ni minazi, mashamba ya mihogo na nyumba mojamoja. Watu walitupungia mikono, “Karibuni! Karibuni wageni!” nami nikijibu “Ahsante, tunapita!” bila kupunguza mwendo. Tulipoziona nyumba za mwanzo za Mwera niliinamisha kichwa nikakanyaga pedali. Nikazipita nyumba mbili tatu. Kisha nikasikia kimya nyuma yangu. Nikageuka. Bibi Odile amesimama katikati ya barabara, uso mwekundu, baiskeli ameilaza kwenye nyonga.

“Tangu asubuhi,” akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, “nimeona kitu kimoja tu. Mgongo wako.”

Nilihisi masikio yanawaka. Nikasema tumechelewa. Nikasema mbele kuna pazuri zaidi. Nikasema hapa hakuna cha kihistoria. Nilisema hivyo, mwanangu, juu ya kijiji kilichonilea kila likizo.

“Sisi hatupiti kijiji bila kuingia,” akasema, akaisukuma baiskeli yake moja kwa moja kwenye uwanja wa nyumba iliyokuwa karibu. Alikuwa ameokota neno moja njiani, akalitumia kwa sauti kama ya mnadi samaki: “Hodi!”

Katika nyumba zote za Mwera, alipiga hodi kwa Bi Tatu.

Nilijibanza pembeni ya ukuta wa jirani. Nikasikia, “Karibu, karibu mgeni, karibu ukae,” na mkeka unakung'utwa. Bwana Lucien naye akaingia. Kisha ile sauti ikapanda kidogo:

“Na huyo aliyejificha hapo ukutani, ni mwali? Anachezwa leo? Mbona sisikii ngoma?”

Nikatoka. Kofia nikaivua, mtandio nikaulegeza. Nilipiga magoti mbele yake kama nilivyofunzwa.

“Shikamoo bibi.”

Hakuitikia.

Unajua jambo hilo lilivyo. Mtu wa kwetu anaweza kukusuta, kukufukuza, hata kukurushia kata ya maji, lakini marahaba atakupa. Bi Tatu alinitazama tu, akawageukia wageni, akawakatia madafu. Nilibaki nimepiga magoti, sijui niinuke au nirudie. Nilifikiri: hakusikia. Nikafikiri: amesikia. Nikafikiri, kama hataitikia leo, salamu hii itaning'inia shingoni maisha yangu yote.

“Waambie wageni wako,” akasema hatimaye, “huyu ni mjukuu wangu. Waambie Mzee Jumbe kapita hapa sasa hivi na pikipiki, kaniambia kwenye pantoni kuna msichana ana pua yangu, na akiulizwa anaikana.”

Nikawageukia. “Anasema mnakaribishwa sana,” nikawaambia.

“Hee!” Bi Tatu akapiga paja. “Yangu yalikuwa marefu, mbona yako mafupi? Kiingereza ndivyo kinavyobana?”

Bibi Odile alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. “Nadhani hakusema hivyo,” akasema polepole.

Basi nikalazimika kutafsiri aibu yangu mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya watu ambao kazi yangu ilikuwa mikononi mwao. Pua na yote. Niliona mustakabali wangu unaondoka kama pikipiki ya Mzee Jumbe. Bwana Lucien alicheka mpaka dafu likammwagikia. Kisha akaliweka dafu chini, akasema kitu ambacho Bi Tatu alitaka nacho nikitafsiri bila kukipunguza.

“Vijiji vyetu ni vizuri,” alisema. “Mawe yamesafishwa, maua yamepandwa madirishani. Lakini siku hizi unaweza kuendesha kutwa nzima, kijiji baada ya kijiji, madirisha yamefungwa. Vijana wamehama, wazee wamekufa. Kijiji alikozaliwa mama yangu naingia na kutoka, hakuna hata mmoja wa kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.”

Bi Tatu alisikiliza mpaka mwisho. “Pole, baba,” akamwambia kwa Kiswahili, na sikuhitaji kumtafsiria. Halafu akanigeukia mimi.

“Haya. Nilikukosea nini?”

“Hukunikosea, bibi. Niliogopa utaniuliza kama nimepata kazi.”

“Na nitakuuliza. Umepata kazi?”

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. “Bado. Leo ndiyo najaribiwa. Na nadhani nimeshaiharibu.”

“Bado,” akarudia, kama mtu anayepokea kitu mkononi akakipima uzito. “Sasa nimejua. Wenzio wakija wananiambia: bibi, nina mtihani, bibi, nina mimba, bibi, mume kaniacha. Nikishaswali najua nimtajie Mungu lipi. Wewe umenyamaza. Mimi nikasema mtoto hana neno, atakuwa kaolewa kimyakimya huko mjini. Siku zote hizi nakuombea uzazi!”

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sikujua kipi kimetangulia.

“Kumbe dua zangu zinabisha hodi nyumba siyo,” akaendelea, amekasirika kwelikweli. “Mtu mzima kama mimi, magoti haya, nainuka alfajiri kumwomba Mungu kitu usichokitaka! Kwa nini nakuuliza, unadhani? Nipate la kusimulia kisimani? Marahaba. Inuka, ukatoe mihogo jikoni, wageni wana njaa.”

Tulikula mihogo ya nazi, tukaoneshwa kisima cha kale na makaburi ya wazee, na Bi Tatu akasimulia nani alitoka Omani, nani alishuka kutoka Ubondei, nani alioana na nani. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu. Tulifika ufukweni tumechelewa vibaya. Bwana Shekue alinigombeza mbele ya watu, na haki alikuwa nayo, maana alikuwa ameshaanza kutuulizia njia nzima. Nilirudi Mabawa nikijua imekwisha. Baada ya siku kadhaa akanipigia: wale wazee wameisifia Mwera kuliko kote, kuna wageni wengine, na wapitishwe nyumba ile ile. Nilipompelekea Bi Tatu habari akakataa. “Waje ukija wewe kunisalimia. Mimi si gofu la kutazamwa.” Kwa hiyo nakwenda kumsalimia, na anayekuwa nami anakuja nami. Kazi si kubwa, kuna miezi haipo kabisa. Bado kila asubuhi ya safari natamani kujifunga mtandio mpaka kidevu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usinisikilize kana kwamba nimepona, sijapona. Matokeo yako ya mtihani hayakuwa ulivyotaka, nawe unaona kila anayekuuliza anakuhukumu. Wapo watakaouliza kwa umbea, sitakudanganya, na hao wajibu kwa kifupi uendelee na safari yako. Lakini huwezi kuwajua kwa kujifungia chumbani Mabawa na kupima nyuso zao kichwani mwako. Nenda Pangani. Vuka, fika Mwera. Akikuuliza Bi Tatu kama umefaulu, mwambie hukufaulu, na mwambie unataka nini sasa, hata kama ni kidogo, hata kama unaona haya kukitamka. Usipite nyumba ya mtu anayekutaja alfajiri. Ukipita, ataendelea kukutaja, lakini atakuwa hajui la kukuombea.

Mungu akuondolee hofu, na isipoondoka akupe nguvu ya kutembea nayo. Akufungulie heri iliyo mbele yako. Na popote utakapofika duniani, asikukoseshe mtu wa kukuuliza umefikia wapi. Amin.