Mtoto Aliyezikwa Kambini

Baba alipofariki, tulikaa msibani tukiulizana ujana wake aliuishi wapi. Hakuna aliyejua. Baada ya hapo nikaanza kuwarekodi wazee wa ukoo wetu kwa simu. Wa kwanza alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Kwaluguru na binti yake mkubwa.

Shangazi alipenda kuzungumza. Alinisimulia jinsi yeye na mumewe walivyokwenda Korogwe kukata mkonge, na ngoma za kambini siku za Jumamosi. Alicheka sana. Kisha akachungulia uani, alikokuwa binti yake akipepeta mahindi.

"Zima kwanza hiyo," akasema.

Nikazima. Akachungulia tena uani, halafu akabadili mawazo. "Hapana, washa. Nikifa, nani atasema?"

Akaniambia walikuwa na mtoto wa kiume kabla ya hawa wote. Homa ilimpata wakati wa masika, barabara imekatika. Mumewe alimfunga mgongoni kwa kanga, wakaenda hospitali kwa miguu, matope hadi magotini.

"Alikuwa anamsemesha njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma, nikaona shingo imelegea. Nikashindwa kumwambia. Nikamwacha aendelee kumsemesha."

Walimzika nyuma ya kambi. Mumewe akakataza asitajwe tena, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuambiwa kitu. Nilimuuliza marehemu aliitwa nani. Alitikisa kichwa tu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kiangazi aliniomba nimpeleke kwenye kaburi hilo. Tulipofika upande wa Makuyuni, kambi haikuwepo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na matofali kuchukuliwa, na mahali pote pamepandwa mkonge mpya. Shangazi aliingia katikati ya mistari, akitazama chini, miiba ikimvuta kanga. Alisimama mahali, akasogea pengine, akasimama tena.

"Turudi, mwanangu. Jua kali."

Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta.

Siku ya arobaini, wanawe waliniomba wasikie sauti ya mama yao. Nilimvuta pembeni yule binti mkubwa, nikamwambia ndani ya rekodi mna jambo zito. Akasema, "Weka yote. Ni mama yetu."

Walicheka kwenye habari za ngoma. Ilipofika habari ya masika, vicheko vikakatika. Kitindamimba akainuka. "Mama asingetuficha kitu kama hicho," akasema, macho kwangu, kana kwamba maneno yale niliyatunga mimi. Akatoka, akawasha pikipiki, akaondoka.

Binti mkubwa alibaki mkekani. Akasema, "Baba hakuwahi kutubeba mgongoni. Hata tukiugua. Mimi nilidhani alikuwa hatupendi."

Nikaizima simu.

Alasiri sheikh alikuja kusoma dua. Watu walipokwisha kukaa, binti akamwinamia, akamwomba, baada ya kumtaja mama, amtaje na kaka yao mkubwa, aliyefia utotoni Korogwe.

"Sawa, mama," sheikh akasema. "Marehemu aliitwa nani?"

Binti akageuka kunitazama mimi.