Gauni la Shingo Juu

Kila wifi yake fundi cherehani aliposimama kanisani kuonyesha kovu la moto mkononi na kusimulia jinsi Mungu alivyomvusha, watu walilia wakamkumbatia. Fundi mwenyewe alibaki kwenye benchi, wivu ukimla. Yeye naye alimwagikiwa maji ya moto ujanani, akabaki na kovu kutoka shingoni hadi kifuani, na kwa miaka ishirini amelificha chini ya kola anazojishonea mwenyewe.

“Wifi, kwa joto hili utaiva humo ndani,” wifi alimtania.

“Niache niive.”

Jumatatu akaja binti anayekaribia kuolewa, kifua chake kimeungua.

“Mama, nishonee gauni la shingo juu kama lako. Halafu nitamwona wifi yako aniombee. Yeye anayajua maumivu haya.”

Neno hilo lilimchoma fundi kuliko maji yale. Akaweka futi mezani, akafungua vifungo vyake kimoja kimoja.

Binti alilitazama kovu lile. “Liliuma sana?”

“Sana, mwanangu. Lakini hata Bwana alifufuka na makovu yake, wala hakumficha Tomaso.”

Binti akavuta kiti. “Nisimulie, mama. Gauni litasubiri.”